Riviu ya kozi ya video ya historia ya elimu ya sheria Tanzania: nusu ya kwanza tamu, nusu ya pili mmh

Wakuu hii kozi inayouzwa elfu ishirini nimeimaliza yote. Jina la wauzaji naliweka kando, ila naipa nyota tatu kati ya tano na zote tatu ni za nusu ya kwanza.

Na hiyo nusu ya kwanza ni tamu aisee. Jamaa anaanza na swali ambalo nimesoma sheria mpaka nikamaliza na hakuna lecha aliyewahi kuniuliza, kwamba kabla ya uhuru Mtanganyika akitaka kuwa wakili anaenda kusoma wapi? Hapa nyumbani hakuna pa kwenda, Makerere ipo ila haifundishi sheria, kwa hiyo lazima uvuke bahari, halafu unarudi umebobea kwenye sheria za ardhi za Kiingereza wakati kwenu ardhi ni ya ukoo na shauri linasikilizwa chini ya mwembe. Ndo hapo anaiingiza kamati ya Lord Denning, yule jaji wa Uingereza, ambayo ripoti yake ilitoka 1961, ikasema hawa watu wafundishiwe sheria kwao, Dar. Anavyoieleza unaelewa kabisa kwamba shida haikuwa umbali wa London tu, shida ilikuwa kinachofundishwa kule.

Kisha inakuja tarehe 25 Oktoba 1961, uhuru wenyewe bado siku 45, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafunguliwa kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi 14, na digrii ni za Chuo Kikuu cha London. Kati yao mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye 1975 akaja kuwa Waziri wa Sheria. Hapa jamaa anakaa muda mrefu na sikuchoka hata kidogo, anachambua kwa nini nchi changa ianze na sheria na si udaktari, maana serikali mpya inahitaji mahakimu, mawakili wa serikali na watu wa kuandika miswada kesho asubuhi. Mimi naongezea kwamba sheria nayo ni rahisi kuanzisha jamani, haitaki maabara, ukiwa na vitabu na viti darasa limeanza.

Sehemu ya chuo kuhamia Mlimani, kampasi yake ya sasa, 1964 kaipitia haraka, sawa tu. Mgomo wa Oktoba 1966 wa kukataa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mwalimu Nyerere akarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, kausimulia vizuri na kauunganisha na yaliyofuata baada ya Azimio la Arusha, pale waliposema mwanafunzi wa sheria asome na historia na uchumi wa jamii yake asiishie kukariri vifungu. Pia nimependa alivyokumbusha kwamba Dar ilikuwa inasomesha Afrika Mashariki nzima mpaka Makerere walipoanza sheria 1968 na Nairobi 1970, Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya ni zao la Mlimani.

Sasa nusu ya pili ndo imenikata stimu. Kutoka 1970 mpaka leo video MOJA. Yaani anaongea kana kwamba mwanasheria akishavaa joho la digrii kazi imeisha, wakati kila aliyepita huko anajua msiba unaanzia pale. Lushoto, chuo cha uongozi wa mahakama, kaitaja kwa sentensi moja, chuo kimeanzishwa kwa sheria ya 1998 na kabla ya hapo chuo cha Mzumbe ndo kilikuwa kinawapika mahakimu wa mahakama za mwanzo, hao ndo wanaokutana na mwananchi wa kawaida mwenye kesi ya mbuzi au mirathi, halafu wanapewa sekunde kumi?

Shule ya Sheria kwa Vitendo (Law School, anapopita mwenye digrii kabla ya kuwa wakili) ndo usiseme. Zamani ukimaliza digrii unafanya mafunzo ya kazi kisha mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, ikaja sheria ya 2007 ikabadilisha mfumo, 2008 shule ikaanza. Hiyo kaisema. Matokeo ya 2022 hakuyagusa kabisa! Watu 633 wamekaa kwenye mtihani, wamefaulu 26, sapu (kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliobaki 265 wamedisko yaani wameondolewa, mpaka Ndumbaro, Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, akaunda kamati chini ya Mwakyembe. Unafundishaje historia ya elimu ya sheria bila kuuliza kosa lilikuwa vyuoni au kwenye shule yenyewe? Na 2021 sheria ikabadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, huku darasani bado tunabukua madesa ya Kiingereza, hilo nalo kimya.

Mengine madogo: feni inavuma nyuma ya sauti video zote, kwizi zinauliza tarehe tu, na video hazishuki kwenye simu kwa hiyo bando linaisha unaliona hivi hivi. Slaidi ziko safi ila.

Niliwaandikia, wakajibu siku hiyo hiyo kwamba wataongeza video za Lushoto na za mafunzo ya vitendo bila kuchaji upya. Zikija napandisha nyota. Kama uko mwaka wa kwanza na unataka kujua chuo kilianzaje nunua tu, ila kama unajiandaa kwenda kwenye mafunzo ya uwakili hiyo elfu ishirini tolea kopi za mitihani iliyopita.