Nimekula Samaki Kisumu Siku Tatu: Dunga, Kondele na Nyalenda

Haya, karibuni tena. Mkisikia kelele nyuma yangu, hizo ni bodaboda za Nyalenda, na mimi sina mamlaka juu yake. Leo tunazungumzia samaki. Nimekula siku tatu mfululizo, hoteli tatu, na pesa zote zimetoka mfukoni mwangu. Hakuna aliyenialika.

Niseme ukweli kabla hamjanisuta: mimi ni mtoto wa Kakamega. Kwetu mgeni akibisha hodi, kuku anajua siku zake zimekwisha. Samaki nimemjulia ukubwani, tena kwa kuchomwa na miba. Lakini miaka sita ya kukaa hapa Kisumu imenifunza jambo moja. Wageni wakishuka tu kwenye matatu huuliza, "Samaki ni pesa ngapi?" Swali hilo ndilo linalowaponza. Mwone samaki kwanza, awe mbichi, mtazamane machoni. Pesa mtazungumza baadaye.

Tuanze na Dunga, nilikokwenda Ijumaa. Ni ufuo wa wavuvi hapo kusini mwa mji, karibu na Hippo Point, ule wenye njia ya mbao inayopita katikati ya mafunjo. Nikaingia hoteli moja ya mabati inayotazama maji ya Ziwa Victoria. Mama akaniita, "Karibu omera, nikuwekee wa ngapi?" Nikamwambia, "Mama, nionyeshe kwanza, tafadhali." Hakununa. Alicheka, akafunua beseni.

Hapa nitasogeza picha muone. Huyu ni ngege, yaani tilapia. Tazama jicho: limetuna, linang'aa kama shanga nyeusi. Jicho likiwa limezama na lina ukungu, mwache aende zake. Kisha mama akainua shavu la huyo ngege kwa kidole gumba, ndani mwekundu kama damu ya sasa hivi. Mwisho nikambonyeza ubavuni, nyama ikarudi palepale. Alama ya kidole ikibaki, ujue huyo amesafiri sana. Tukapatana shilingi 600, pamoja na ugali na sukuma.

Akampiga mistari mitatu kila upande, chumvi, akamtosa kwenye karai la mafuta yaliyokuwa yakitoa moshi. Ndiyo, nilingoja dakika hamsini. Niliona ndege wote wa ziwa hili. Lakini jamani, mkiletewa samaki ndani ya dakika tano, jiulizeni alikaangwa lini! Yule wangu alikuja ngozi inalia kwa ukavu, ndani mnofu mweupe unaachana na mwiba wenyewe, bila kuvutwa. Ugali ulikuwa laini mno kwangu, wa kunata kwenye vidole. Sabuni ya kunawia ilikuwa ya chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko, na maji yalikuwa mengi kuliko sabuni. Hayo nimeyasamehe.

Mtu ataniuliza, mbona sikuagiza mbuta, yaani sangara? Mbuta ni mtamu, ana mafuta, na kwa mtoto ni salama kuliko ngege kwa sababu miba yake ni mikubwa, unaiona. Ila huyo si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, akawala fulu, samaki wadogo wa asili wa hapa, na jamaa zao hadi aina nyingi zikapotea. Minofu yake viwanda husafirisha nje ya nchi, na sisi hubaki na kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ndiyo ile inayoitwa mgongo wazi. Msiicheke. Mgongo wazi uliokaangwa vizuri kule mtaa wa Obunga, ukapata ndimu na pilipili, unaweza kukusahaulisha kwamba minofu ilipanda ndege.

Sasa Kondele. Jumamosi usiku, nimetoka kazini, njaa inanitafuna. Hoteli sitaitaja, kwa sababu sina pesa za wakili. Samaki walikuwa wamepangwa mezani chini ya balbu, wamekaangwa tayari, rangi ya dhahabu, wanapendeza kama maharusi. Na mimi mwalimu wenu nikaisahau kanuni yangu. Nikaagiza wet fry, yaani wa mchuzi.

Tatizo la samaki wa mchuzi ni kwamba mchuzi ni pazia. Kwa kawaida samaki hukaangwa kwanza, kisha anapikwa kidogo ndani ya nyanya, kitunguu na dania. Akiwa mpya, anaunywa ule mchuzi na kuurudishia utamu. Akiwa amekaa mezani tangu mchana, hanywi kitu. Ngozi inalowa kama kadibodi iliyonyeshewa, ndani nyama ni kavu hadi unameza kwa msaada wa soda. Mchuzi wenyewe ulijaa viungo vya pakiti, chumvi tupu. Nilipofika karibu na uti wa mgongo nikapata ile harufu. Mnaijua.

Nikamwita kijana, nikamuuliza, "Kaka, huyu samaki ni wa lini?"

"Wa leo, buda."

"Wa leo kuvuliwa au wa leo kukaangwa?"

Akaenda kufuta meza nyingine.

Shilingi 450 zikaenda hivyo. Na nisieleweke vibaya: Kondele kuna watu wanaokaanga samaki vizuri sana pale barabarani, karai likiwa motoni mbele yako. Kosa lilikuwa langu pia. Halafu kuna hili la samaki wa barafu kutoka China, na ngege wa kufugwa vizimbani humu humu ziwani. Mimi nawala wote, na wa kizimbani wakati mwingine ananona kuliko wa wavu. Kinachoniudhi ni kuuziwa wa barafu kwa jina la ziwa na kwa bei ya ziwa.

Leo Jumapili niko Nyalenda, kibandani, benchi moja, meza imefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua. Hapa sijachagua samaki. Nimeagiza omena, wale dagaa wa ziwani, ugali wa mtama na muhogo, na osuga, hii mboga ambayo wengine wanaiita managu. Yote shilingi 150. Ndiyo, mmesikia vizuri.

Omena huumbua mpishi. Asipowachambua na kuwaosha kwa maji moto, utatafuna mchanga, na uchungu utakuganda kooni. Huyu mama amewakaanga hadi wakakauka, halafu nyanya, kitunguu, na mwisho tone la maziwa. Sikilizeni... mmesikia hiyo sauti? Bado wanavunjika chini ya jino ingawa wana mchuzi. Osuga amelazwa na maziwa tangu jana, uchungu wake umebaki kidogo tu, wa kukumbusha. Ugali ni wa rangi ya udongo, mzito, una uchachu kwa mbali.

Mzee aliyekaa kando yangu ameniangalia nikihangaika na vidole, akashindwa kuvumilia. "Wewe Mluhya, ugali unaujua, omena hujui. Bonyeza tonge katikati, lifanye kijiko." Nikafanya. "Asante, jaduong'." Kweli, hakuna omena aliyeanguka tena.

Kama mnataka kuja kwa ajili ya omena, angalieni kalenda. Wavuvi huwafuata usiku kwa taa, giza la mwezi ndiyo kazi. Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake hufungwa ili wazaane, kwa hiyo miezi hiyo bei hupanda na kipimo hupungua.

Alama zangu: Dunga nane juu ya kumi, na moja na nusu kati ya hizo ni ya upepo. Kondele tatu, na ni kwa sababu maji ya kunywa yalikuwa baridi. Nyalenda tisa. Ningetoa kumi, ila benchi lina msumari, na suruali yangu imeshalipa.

Mama anasema nizime simu nile, omena wakipoa hawana maana. Sawa, mama, nimezima.