Mabegi ya turubai la lori kwenye Honda XL, mwaka na miezi miwili baadaye

Wadau habari zenu, nimeulizwa sana haya mabegi ya pembeni kwenye pikipiki yangu nimeshonesha wapi na kwa shilingi ngapi, nimeulizwa sheli ya Makuyuni, nimeulizwa stendi Babati, juzi nimeulizwa na trafiki kabisa tena baada ya kumaliza kukagua leseni, kwahiyo nimeona niandike mara moja halafu mtu akiuliza namtumia hii, maana kuelezea huku umevaa helmeti na malori yanapita ni kazi. Sijalipwa na mtu. Hela nimetoa mwenyewe na kuna sehemu nitalalamika.

Kwanza mjue mi natembeaje. Mi ni fundi wa mashine za kusaga na kukoboa, nakaa Moshi huku Pasua, ila wateja wangu wametawanyika, kuna wa Same, kuna wa Magugu, Babati, Bereko, Kondoa, na wawili wako Dodoma. Mashine ya kijijini ikifa kijiji kizima kinaangalia mahindi yao kwenye ndoo, kwahiyo simu inapigwa saa kumi na moja alfajiri na mwenye mashine anataka nitokee kabla hajakata simu. Gari sina, na hata ningekuwa nalo ningepanda pikipiki tu, huo ugonjwa ninao tangu kijana na mama Junior aliukuta. Chuma chenyewe ni Honda XL 125 ya mnada, ilikuwa ya shirika fulani, tenki nimelipaka rangi mwenyewe kwa brashi na inaonekana kabisa ni brashi.

Moshi Arusha ni kama kilomita 80, Arusha Babati kama 170, afu Babati Dodoma kwa kupitia Kondoa ni 251, yote lami sasa hivi, ilizinduliwa 2018. Kabla ya hapo msiniulize, nimewahi kusukuma pikipiki kwenye tope la Kolo mpaka nikaanza kuongea nayo. Mizigo yenyewe sio nguo, ni beringi, nyundo za mashine, machekeche, mikanda, spana, greisi, yani vyuma vizito vyenye ncha. Miaka yote nilikuwa natia kwenye kiroba nafunga kwenye keria na mpira wa tyubu. Kiroba kinatoboka. Seti nzima ya nyundo nimewahi kuimwaga kuanzia sijui wapi mpaka Minjingu, nikafika kwa mteja nina kiroba na mpira.

Niliangalia vitu vingine kabla. Zile boksi za plastiki za wapeleka chakula zinakaa juu sana, na ule upepo wa Makuyuni mnaujua, unakukamata ubavuni kama unadaiwa. Maboksi ya alumini kama ya wale wazungu wanaoshuka toka Cairo kwenda Cape Town, si mnawaonaga pale mnara wa saa Arusha wanapiga picha kwasababu wameambiwa hapo ndio katikati ya safari, ni mazuri sana, ila ukiuliza bei unajibiwa kwa dola, hapo hujaongelea usafiri wala ushuru. Nikaacha.

Sasa siku moja nipo Majengo hapa Moshi kwa mtu anachomelea geti, pembeni yake kuna fundi anashona turubai la lori, ile ya plastiki nzito, cherehani lake kubwa linapiga kelele kama mashine yangu ya kukoboa. Hana bango, kazi zake ni maturubai na siti kava za Coaster. Nikasimama pale nikaangalia zile sindano zinavyopita kwenye mikunjo minne ya turubai bila kusita, nikasema huyu ndiye.

Kilichonifurahisha, hakuniuliza nataka saizi gani. Aliniuliza nabeba nini. Nikamtajia, akasikiliza, akaniuliza na nyumbani unarudi na nini? Nikamwambia mchele wa Magugu, vitunguu nikipata, ndizi za mtu, mwanafunzi wa bweni naye ana vyake. Akaingia ndani akatoka na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, akaiweka juu ya turubai, akachora kuizunguka na chaki. Ananiambia, mangi, kitu ambacho ndoo haiingii hilo sio begi, hiyo ni pochi. Begi likatoka urefu sentimita 45, kimo 35, unene 28, mfuniko wa kukunja juu na mikanda miwili ya siti ya gari iliyokatwa kwenye ajali huko, hakuna zipu kabisa, na zipu mimi sizitaki, vumbi likishaingia kwenye zipu umekwisha.

Bei ilikuwa 90,000 yote mawili. Fremu ya kuninginizia ikachomelewa na yule wa mageti, nondo ya milimita 10 na flatibaa, 45,000. Jumla 135,000, hapo kuna watu wananunua helmeti moja kwa hiyo hela.

Aliniambia Alhamisi. Nimekuja Alhamisi turubai bado limekunjwa vilevile na chaki yake. Njoo kesho. Kesho umeme umekatika. Jumamosi kuna msiba. Nilipata Jumatano ya wiki iliyofuata na nilikuwa nimeshampa hela yote, hilo kosa langu, toeni nusu tu jamani hata kama mtu ana sura ya upole.

Haya kazini sasa. Uimara sina cha kusema, mwaka na miezi miwili nimebeba vyuma kila wiki na chini hapajatoboka, pembeni kuna michubuko ya kuanguka kwangu mara mbili (moja nilikuwa nimesimama, msicheke, stendi ya pembeni ilizama kwenye mchanga Galapo) na turubai limechubuka tu, halijachanika. Mshono mmoja wa mkanda ulianza kufumuka, akaurudia bure na akanikalisha nikanywa chai.

Mvua ndio ilinionyesha kasoro ya kwanza. Aprili, natoka Babati naelekea Kondoa, nimefika ile milima ya Bereko saa kumi jioni, mvua ikashuka yani sio mvua ya kusimama chini ya mti, ni ya kuendelea tu kwasababu ukisimama lori linakupitia. Nafika Kondoa nafungua begi la kushoto, chini kuna maji ya kikombe kizima. Turubai halipitishi maji ila matundu ya sindano yanapitisha, kila tundu tone, matundu yapo mia ngapi sijui. Beringi zilikuwa kwenye karatasi ya greisi zikapona. Daftari langu la madeni halikupona, kuna kurasa mbili zimekuwa wino mtupu, kwahiyo wapo watu watatu huko Bonga walisamehewa na mvua na mpaka leo hawajui.

Nilivyorudi nikamwonyesha, akaangalia akakiri, akasema lori huwa linafunikwa mshono ukiwa juu, yeye hajawahi kushona kitu kinachokaa na mshono chini. Jibu la mkweli hilo. Akabandika vipande vya turubai kwa ndani juu ya kila mshono kwa ile solusheni ya kuzibia tyubu, imesaidia kwa kiasi kikubwa, bado kwenye mvua ndefu kunakuwa na unyevu. Dawa yangu ni ile nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, unaiosha sana kwanza, unaitanguliza ndani ya begi, unakunja mdomo. Bei yake sifuri.

Kasoro ya pili hii ndio kubwa. Ekzosi ya XL inapanda juu upande wa kulia na begi la kulia lilikaa karibu nayo, tukapima kwa vidole pikipiki ikiwa imesimama, tukaona nafasi ipo. Tulipima begi likiwa tupu! Natoka Magugu na mchele kilo 20 begi la kulia, limeshuka kwa uzito, limelala kwenye ekzosi, mi nakula upepo sina habari. Nimepita Makuyuni nasikia harufu ya plastiki nikadhani ni watu wanachoma taka. Karibu na Meserani, pale kwenye bustani ya nyoka, bodaboda mmoja akanifikia ubavuni akapiga kelele, mzee, unapanda mpunga kwenye lami?

Nikasimama. Tundu la kama kikombe cha kahawa, kingo zimeyeyuka zimekuwa nyeusi, na nyuma yangu mstari mweupe mwembamba umenyooka kufuata barabara mpaka nisipoona, ndege wameshaanza kazi. Nikaziba na soksi. Nimefika Moshi mama Junior akapima kwa kopo bila kusema neno, kilo zikawa kama 14, na ule wa juu ya tundu ulikuwa na harufu, tukawapikia kuku wale.

Hilo la ekzosi namlaumu yeye nusu na mimi nusu. Tulishatengeneza: kiraka cha turubai mara mbili, na kipande cha bati la debe kimefungwa kwenye fremu kati ya begi na ekzosi, hewa inapita katikati vidole vitatu, na flatibaa moja chini inayozuia begi lisishuke. Tangu hapo hakuna harufu. Wewe ukienda kushona jaza begi mawe kwanza ndio upime.

Upana pia uwazieni. Mabegi mawili ya sentimita 28 ukijumlisha na pikipiki katikati unakuwa mpana kuliko usukani, sasa akili imezoea kwamba usukani ukipita na mwili umepita. Arusha mjini pale Kilombero nimepenya kati ya mkokoteni na Noah, usukani ukapita, begi likabaki na mkokoteni. Mwenye mkokoteni alinisemesha vizuri tu kwa lugha ya huko. Siku hizi kama sina shida mjini nachepuka Usa River nafuata ile bypass (barabara ya mchepuko) ya kwenda Ngaramtoni, unazunguka lakini unapumua.

Na uzito ugaweni. Mwanzoni kushoto nilitia vyuma na kulia vitu vya nyumbani, kwasababu mama Junior alishatangaza kwamba la kulia ni lake, pikipiki ikawa inatembea imeinamisha bega kama mtu amebeba ndoo ya maji mkono mmoja. Kwenye kona za Bereko hiyo sio mchezo. Sasa nagawa vyuma pande zote kwa chini, chakula juu, na hilo lilihitaji mazungumzo nyumbani, "Baba Junior greisi na mchele wapi na wapi", mpaka nikamtafutia ndoo ya lita 10 kama ile ya fundi, vyake vinakaa ndani ya ndoo na mfuniko, vyangu vinazunguka.

Hapo ndio nikamwelewa fundi na ndoo yake. Mtoto wangu mkubwa anasoma bweni Babati, siku ya kutembelea wanafunzi zamani nilikuwa nafika na mfuko wa rambo na biskuti zimekuwa unga. Sasa nashusha ndoo nzima, sukari, sabuni, karanga, siagi, daftari zimenyooka, nampa ndoo anaenda nayo, narudi na ndoo yake ya muhula uliopita. Baba wengine wamekuja na magari na hawana ndoo. Najua ni kitu kidogo ila nilivimba kichwa mpaka Minjingu.

Usiku gesti ukiuliza, mabegi yanatoka, mikanda minne kila moja, dakika kama tatu kwa pande zote ukizoea, kumi ukiwa umelowa. Kufuli hakuna, mtu akitaka anafungua, kwahiyo mi naingia nayo chumbani yote mawili, wahudumu wananiangalia kama nahamia. Kwenye kula mchana nakaa mahali naiona pikipiki, basi.

Mzungu mmoja pale sheli Makuyuni, ana maboksi yake ya alumini moja limepinda limefungwa kamba, aliyashika mabegi yangu akayageuza akauliza ni kampuni gani. Nikamwambia Majengo. Akaandika kwenye simu.

Nikipima kwa nyota nampa nne kati ya tano kazi, mbili kwa kutunza ahadi. Kwa anayebeba kamera na laptop asinunue, atalia. Kwa fundi, bwana shamba, muuza dawa za mifugo, mtu yeyote anayekwenda mbali na kurudi na vya nyumbani, nenda Majengo ukifuata kelele za cherehani, nenda na mawe yako na ndoo yako.

Nimeshaagiza kingine kidogo cha juu ya tenki, cha kuweka daftari la madeni. Amesema Ijumaa, nimemuuliza Ijumaa ipi akaomba nikae kwanza ninywe chai.