Tulichelewa dakika tisa: uzoefu wangu wa Champagne kwa treni, mimi na shangazi

Hasira hii nimekaa nayo tangu vuli iliyopita. Nimeanza kuandika mara tatu nikafuta, maana kila nikifika pale kwenye meza ya mapokezi mikono inanitetemeka. Leo naandika hadi mwisho. Kama unapanga kutoka Paris kwa treni kwenda Champagne, eneo la Ufaransa linakotoka shampeni, na kurudi siku hiyo hiyo, soma, hasa kama utaongozana na mzazi aliyekuja kukutembelea kutoka nyumbani.

Shangazi yangu, dada yake baba, ana shamba la zabibu Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Si shamba kubwa, lakini wanawe wanne wamesoma kwa zabibu zile. Alipokuja Paris nilimpeleka kwenye mnara wa Eiffel, akautazama kidogo akasema, "Haya, nimeuona." Alichokifuata Ufaransa ni mizabibu. Pombe hagusi, ni mama wa kanisa tangu ujana wake, lakini zabibu anaijua kuanzia kipando hadi kreti. Alitaka kuona hawa watu ambao mvinyo wao wa mapovu unafunguliwa kwenye kila harusi duniani wanalima vipi.

Basi nikapanga. Kosa la kwanza ni langu na nalikubali. Treni za mwendo kasi za kwenda huko zina stesheni mbili, na mimi nikanunua tiketi ya Champagne-Ardenne TGV nikiamini ndiyo Reims yenyewe, mji tuliokuwa tunauendea. Siyo. Hiyo iko Bezannes, nje ya mji, na ukishuka unatakiwa kutafuta tramu au treni ndogo ya kukuingiza mjini. Tiketi yako isomeke Reims, basi. Hiyo inakushusha katikati, dakika kama 45 tangu Gare de l'Est, stesheni ya Paris, na kanisa kuu unalifikia kwa miguu. Sisi tukasimama kituo cha tramu kwenye upepo, shangazi amejifunga khanga juu ya koti, mimi natazama saa. Aliponiona nahangaika akanisimulia alivyopanda SGR kutoka Dar hadi Dodoma, kiti laini, akala karanga zake mpaka akafika. Alitaka kunituliza, najua.

Ziara tuliyolipia ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, katika mojawapo ya nyumba kubwa za shampeni, yaani kampuni zinazoitengeneza, pale Reims. Sitaitaja. Tumelipa wote wawili wiki kadhaa kabla, na kwa pesa ile pale Hombolo unaweka vibarua wa palizi. Tuliingia mlangoni saa nne na dakika thelathini na tisa.

Dakika tisa.

Binti wa mapokezi hakuinua uso. Nikamsalimia, nikaomba radhi, nikaeleza habari ya stesheni. Akasema kundi limeshateremka kwenye mahandaki ya kuhifadhia mvinyo na mlango umefungwa. Sawa, sheria ni sheria, na huko chini hawawezi kumwacha mtu azurure peke yake. Hilo nalielewa kabisa. Nikauliza ziara inayofuata, akasema imejaa. Nikauliza kama shangazi anaweza walau kutazama mashine ya kukamulia, au ile mizabibu michache iliyopandwa uani. Hapana. Ndipo nikasema, kwa Kifaransa changu chote cha adabu, kwamba huyu mama ni mkulima wa zabibu, ametoka Tanzania.

Hapo ndipo alipoinua macho. Akamtazama shangazi kuanzia kilemba mpaka viatu, akatabasamu, akauliza: "Kwani huko kwenu zabibu zinaota?" Mwenzake aliyekaa pembeni akacheka.

Shangazi akanigeukia. "Anasemaje, mwanangu?"

"Anasema tumechelewa, shangazi."

"Basi tumwombe radhi." Akaweka mkono kifuani, yeye mwenye miaka sitini na zaidi, akamwambia yule binti kwa Kiswahili, "Samahani sana, binti yangu." Mimi nimesimama pale, ulimi umekufa mdomoni.

Tukiwa tunafungua mlango kutoka, wakaingia watu wawili, mume na mke nadhani, wakapokelewa kwa bashasha na kuelekezwa ndani. Huenda walikuwa na ziara nyingine. Huenda walikuwa wageni wa mwenye nyumba. Nimejiuliza mara nyingi na siwezi kuapa. Ninachoweza kukiapia ni kile kicheko.

Jamani, zabibu zinaota! Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hatuna baridi ya kuulaza mti. Unapogoa, unamwagilia, unachipua tena. Champagne huvuna mara moja tu. Makutupora kuna aina ya zabibu nyekundu iliyobeba jina la kijiji chenyewe. Haya yote nilikuwa nayajua nikiwa nimesimama mbele ya yule binti na sikusema hata neno. Niliyasema baadaye, kwenye barua pepe ya kurasa mbili. Nikajibiwa kwa aya moja ambayo bila shaka wanamtumia kila mtu, kwamba anayechelewa harejeshewi pesa. Kuhusu swali la binti yao, kimya.

Kwa hiyo hukumu yangu siku ile saa tano asubuhi: msiende. Bakini Paris.

Tukatembea bila mpango, mimi mbele, shangazi nyuma, tukaingia kwenye bustani kubwa iitwayo Parc de Champagne. Mle ndani kuna sanamu ya shaba, askari Waafrika wamezunguka bendera. Ni ukumbusho wa wanajeshi weusi waliopigana kuilinda Reims mwaka 1918. Wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1924, Wajerumani wakauondoa mwaka 1940, na huu uliopo umewekwa mwaka 2013. Sikuwa nimeupanga, na naapa hakuna hata mtu mmoja kati ya walionishauri kuhusu Reims aliyeniambia upo. Shangazi alinifanya nimsomee maandishi yote. Kisha akasema, "Mwaka huo kwetu ilikuwa Mtunya." Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo, kwetu Dodoma, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, chakula na ng'ombe vilipochukuliwa na majeshi na watu wakafa njiani, bibi yake alimsimulia. Akakaa kwenye benchi mbele ya wale askari kama nusu saa. Nikakaa naye. Hakuna nilicholipia siku ile kilichozidi nusu saa hiyo.

Kanisa kuu tuliliona pia, pale walipotawazwa wafalme wa Ufaransa, na malaika anayetabasamu mlangoni. Zuri sana. Lakini nilikuwa nimechukia mno kulifaidi, sina la kuwaambia.

Mchana nikataka turudi nyumbani. Shangazi akakataa. "Mizabibu sijaiona." Na kweli, treni ya mwendo kasi ilikuwa imetupitisha kwenye mashamba yaliyolimwa ya nafaka tu, hakuna hata mzabibu mmoja dirishani. Basi tukapanda treni ndogo ya kwenda Épernay, mji mwingine wa shampeni, nusu saa hivi. Hii ndiyo treni ningewaambia watu wapande hata kama hawana haja ya mvinyo. Ukikaribia kijiji cha Rilly, kilima chote ni mizabibu, majani yamegeuka rangi ya dhahabu, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Shangazi akasimama. Alishika chuma cha kiti, akaweka paji la uso kwenye kioo na kuanza kuhesabu. "Mbona mifupi hivi? Mbona imebanana hivi? Wanapitaje kupogoa?" Maswali sita au saba, hakuna hata moja nililoweza kujibu.

Épernay kuna barabara moja ndefu iitwayo Avenue de Champagne, majumba ya fahari pande zote mbili, na chini yake mahandaki ya zaidi ya kilomita 100 yaliyochimbwa kwenye jiwe la chaki. Nilimwambia shangazi kwamba mle hatuingii. Sikuwa tayari kusimama mbele ya meza nyingine ya mapokezi. Tukakata vichochoro mpaka tukaona kibao cha familia inayolima na kutengeneza wenyewe, mlango uko wazi, mzee anapanga maboksi. Hatukuwa na miadi. Nikaomba kwa sauti ndogo, nikiwa nimeshajiandaa kwa hapana.

Yule mzee akauliza shangazi ana hekta ngapi.

Basi! Sikusikia neno la thamani kuliko hilo siku nzima. Shangazi akatoa simu, akamwonyesha shamba lake, nguzo na nyaya, vichala, mifereji ya maji. Mzee akavaa miwani, akazikuza picha kwa vidole, akauliza mnapogoa lini. Nilipotafsiri kwamba wanapogoa mara mbili kwa mwaka alinifanya nirudie. Akachukua karatasi akachora namna nne za kupogoa ambazo ndizo pekee zinazoruhusiwa kwao, akaeleza kwamba mizabibu iko karibu na ardhi ili ipate joto la udongo, na kwamba hekta moja hubeba mashina kama 8,000. Wakafika kwenye magonjwa. Nikawa natafuta neno, shangazi akaonyesha picha ya jani lenye unga mweupe, mzee akapiga paja: ubwiri unga, ule ule, na dawa ile ile ya salfa. Wakacheka wote wawili bila kunisubiri nitafsiri.

Akatuteremsha kwenye handaki lake. Baridi. Chupa zimelala kwa maelfu, kila moja ina sukari na chachu iliyotiwa makusudi ili mvinyo uchachuke mara ya pili ndani ya chupa iliyofungwa, na hewa isiyopata pa kutokea ndiyo yale mapovu. Mgandamizo wa mle ndani unakaribia mara tatu ya upepo wa tairi la gari. Kisheria shampeni ya kawaida haitoki kabla ya miezi 15. Shangazi akasimama hapo hapo. "Miezi kumi na tano! Mimi zabibu zikikaa siku tatu zimeiva na mnunuzi hajaja, nimelia." Akauliza bei ya kilo kwa mkulima. Mzee akasema zaidi ya yuro 6. Shangazi akaniomba nigeuze kwa shilingi, nikamgeuzia. Akanyamaza muda mrefu, akasema tu, "Kwa kilo?"

Mzee alipomimina, shangazi akanusa bila kuonja, akasema inanukia mkate. Nikatafsiri nikiona aibu kidogo. Mzee akafurahi sana, akasema ndiyo, ni ile chachu, wapo wanaolipia mafunzo mpaka waisikie hiyo harufu. Alikaa nasi zaidi ya saa moja na hakutaka hata senti. Nilinunua chupa mbili kwa kung'ang'ania mwenyewe.

Kwa hiyo nikafuta "msiende". Nikaandika: nendeni, ila nendeni Épernay, pandeni treni ya polepole inayofuata mto Marne kutoka Gare de l'Est, karibu saa moja na nusu, viti ni vya anayewahi, na majumba makubwa muyaache. Kisha nikakumbuka kwamba ndani ya yale makubwa ya Reims kuna mapango ya chaki yaliyochimbwa karne nyingi zilizopita, yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2015, na shangazi alistahili kuyaona kuliko mtalii yeyote aliyeteremka asubuhi ile. Hasira ikarudi yote. Siwezi kukwambia usiyaone. Wala siwezi kukwambia uyaone. Ukienda, fika nusu saa kabla, na kama una mzazi, mtafsirie kila kitu.

Hilo la mwisho nalisema kwa sababu ya njiani kurudi. Treni inafuata Marne, mizabibu imeteremka mpaka karibu na maji, jua linazama. Tulipokuwa karibu na Dormans shangazi akaniuliza, "Yule binti wa asubuhi alisema nini hasa? Mtu hachekwi kwa kuchelewa."

Nikamwambia. Neno kwa neno.

Hakusema kitu mpaka tukapita Château-Thierry. Mimi natazama dirishani ili asinione macho.

"Ungenitafsiria pale pale, mwanangu," akasema. "Aliuliza, na mimi picha ninazo."

Akafungua pochi, akatoa simu, akaanza kuzipitia moja moja, akinionyesha ipi angeanza nayo.