Nimefunga kruzi kontroli ya kiwandani kwenye Benzi ya marehemu baba (uzoefu wangu)

Gari yenyewe ni Mercedes-Benz 230E ya 1984, ile bodi ya W123, ya marehemu baba, automatiki, na haikuja na kruzi, yaani kile kifaa kinachoshikilia spidi ya gari bila wewe kukanyaga mafuta, kwa sababu enzi zile ilikuwa ni kitu cha kuongezea hela mnunuzi akitaka. Mi naishi Arusha, Sakina huku, na kila baada ya miezi miwili hivi nampeleka mama kliniki Dar, sasa ukishaiacha Himo mpaka uje kuiona Segera ni kukanyaga mafuta tu masaa na masaa, na goti langu la kulia niliumia mpirani zamani, tukifika Mombo mguu wote umekufa ganzi nashuka kwenye gari nachechemea.

Ila kilichonisukuma zaidi ni mama. Anakaa nyuma na anachefukwa haraka, na mi nikianza kupiga stori huku naendesha mguu hautulii, gari inaongeza inapunguza, inaongeza inapunguza, mpaka anasema mwanangu simama kidogo. Nikaja kusoma kwamba hii kruzi chanzo chake ni injinia mmoja wa Marekani anaitwa Ralph Teetor, alikuwa haoni tangu utotoni, na inasemekana alichoshwa na jamaa aliyekuwa anamwendesha, kila akiongea gari inapungua, akinyamaza inaongezeka. Alisajili ugunduzi wake 1950 na Chrysler ndo wakaanza kuiuza kwenye magari yao ya 1958. Nilivyosoma hiyo nikamkumbuka mama palepale, maana abiria aliyefumba macho anausikia mguu wa dereva kuliko dereva mwenyewe.

Basi nikaanza kuulizia. Kuna fundi aliniambia tufunge zile za kununua boksi zima zinazoingia gari yoyote, unafunga sumaku kwenye shafti ya chini halafu vitufe unavibandika kwenye dashibodi. Zinafanya kazi, siwezi kuzisema vibaya. Lakini dashibodi ya baba kuitoboa mi nilishindwa, ile gari aliitunza miaka yote hakuna hata skrubu ya ziada, kwa hiyo nikasema ntatafuta ya kwake mwenyewe, ile wajerumani wanaiita Tempomat, yenye mkono mdogo unaokaa juu ya mkono wa indiketa.

Vitu unavyohitaji ni hivi, na usikubali kuuziwa nusunusu: huo mkono wa kwenye usukani, boksi la umeme linalokaa chini ya dashibodi, mota inayovuta fimbo ya mafuta kule kwenye injini, kisensa kinachokaa mgongoni mwa spidi mita, waya zake, na swichi ya breki yenye miguu minne. Hiyo swichi wengi wanaisahau. Ya kawaida ina miguu miwili ya kuwasha taa za breki tu, hii ya kruzi ina miwili ya ziada, ndo inayoliambia boksi kwamba dereva amekanyaga breki achia mafuta. Bila hiyo sikushauri hata ujaribu, kabisa.

Seti niliipata Dar kwa mtu anayechinja magari ya zamani, laki sita na nusu, akaniapia kila kitu kimepimwa kinafanya kazi. Nimefika Arusha fundi kafunga siku nzima, tumeingia barabarani, kimya. Nikanyanyua ule mkono wa kwenye usukani, hamna. Nikabonyeza chini, hamna. Nikampigia muuzaji akawa hapokei tena, na iliniuma kwa sababu nilimwambia wazi hii gari inambeba mama mgonjwa.

Fundi wangu ni mtu mzima, ametengeneza Benzi tangu zamani, akaniambia, "Usitupe hilo boksi kijana wangu, lipeleke kwa fundi redio." Nikalipeleka kwa kijana mmoja Ngarenaro anatengeneza redio na TV, akalifungua, akavaa lenzi yake, akaniita nami nichungulie. Aisee. Kwenye miguu ya vile vifaa, pale risasi ya kuchomelea inaposhika ubao, kulikuwa na mstari mwembamba mweusi umezunguka kama pete, yaani ukiangalia kwa macho ya kawaida unaona pazima kabisa kumbe pameachia. Miaka arobaini ya joto na mtikisiko. Akazichoma upya zote, hakuchagua, akanichaji elfu ishirini. Kama una seti ya zamani anza na hapo kabla hujaifunga, huu ndo ugonjwa wake mkubwa hayo maboksi na mi nilipoteza siku nzima ya fundi kwa kutokujua.

Tukafunga tena, tukainua matairi ya nyuma kwenye stendi imara, magurudumu ya mbele tumeyawekea mawe, akaweka D na kupandisha mpaka 60. Akanyanyua ule mkono akatoa mguu. Mi nilikuwa nimeinama kwenye boneti naangalia ile fimbo ya mafuta imeshikwa palepale, inacheza milimita tu mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anashikilia kwa kidole. Akagusa breki hata hajaikanyaga vizuri, fimbo ikarudi tap. Akairudia hiyo ya breki mara kumi nahesabu, na nilimheshimu sana kwa hilo. Hela ya ufundi laki na nusu.

Matumizi yake ni rahisi: ukinyanyua mkono inashika spidi uliyonayo, ukiendelea kuunyanyua inaongeza, ukibonyeza chini inapunguza, ukiusukuma mbele inazima, na ukiuvuta kwako inarudia spidi ya mwanzo. Chini ya kama 40 haishiki, na ukizima gari inasahau. Kwenye vibao vya 50 pale Maji ya Chai na Kikatiti mi siitumii, watoto wa shule wanavuka na bodaboda wanaingia bila kuangalia, hapo mguu ukae kwenye breki. Nikishapita kibao cha kumaliza nauvuta kwangu na gari inajivuta yenyewe taratibu mpaka 80, hairuki. Na tochi ya trafiki sijapigwa tangu nifunge, maana zamani ukisahau mguu kidogo tu ushapitiliza spidi ya kibao, unasimamishwa, elfu thelathini imeondoka.

Jambo moja ulijue, hii ya zamani inashika mafuta tu, breki haigusi. Arusha iko juu kama mita 1,400 na Moshi kama 900, kwa hiyo ukishuka kuelekea uwanja wa ndege wa KIA kwenye miteremko gari inapitiliza spidi uliyoweka na lazima ushike mwenyewe. Kurudi ndo utamu, inapanda na mzigo unasikia injini inakaza bila wewe kufanya kitu. Mvua ikinyesha naizima.

Safari ya kwanza Dar tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Baada ya Same, milima ya Upare iko kushoto na jua limeshatoka, nimeiweka 80, mama kanyamaza muda mrefu nikajua amelala. Kumbe yuko macho. Akasema, "Leo unaendesha kama baba yako." Hakuchefukwa mpaka Chalinze, na goti langu nilishuka nalo zima.

Kilichobaki ni kwamba nikipita 90 inaanza kuvutavuta, inaongeza kidogo inaachia kidogo. Fundi kaangalia sindano ya spidi mita nayo inatetemeka hapohapo, kwa hiyo ni kebo ya spidi mita imechoka, maana kile kisensa kinasoma kilekile ambacho sindano inasoma, sindano ikitetemeka na kruzi inatetemeka. Kaipaka grisi kidogo ikapungua ila haijaisha. Kebo mpya nimeshaagiza, mpaka ifike sivuki 85, hapo imetulia.