Nani anakula chaji usiku? UNI-T UT210E kwenye Celica ya 1996

Wadau karibuni, leo tupo uani hapa Ipagala, Dodoma. Upepo wetu mnaujua, mkisikia maiki inavuma mnivumilie. Gari ni hii Toyota Celica ya 1996, ile ya taa nne za duara. Tamu hatari! Betri ni mpya, NS60, lakini ukiipaki Ijumaa, Jumatatu starta inalia tak tak tak tu. Na mwenye gari keshaambiwa anunue betri nyingine tena. Hapo ndipo ninapokasirika, maana hakuna aliyepima kitu.

Sasa tazama hii. Klampu mita, UNI-T UT210E. Ya kwenye boksi sisomi, mambo ya omu na kapasita mnayajua. Mimi nimewasha kamera kwa ajili ya kitu kimoja: mdomo huu unaubana kwenye waya wa nega, yaani hasi ya betri, na unasoma ampea za DC, umeme wa betri, hata mabadiliko madogo ya miliampea moja. Waya hukati, betri huvui.

Kwa nini napagawa hivi? Njia tuliyofundishwa ni kuvua nega na kuweka mita katikati. Inafanya kazi, sikatai. Ila ukivua nega umeme wote unakatika, na rilei, ile swichi ya umeme, iliyong'ang'ania inaachia. Ukirudisha waya, hitilafu haipo, unabaki unakuna kichwa. Halafu mtu mmoja apige starta kwa kusahau, fyuzi ya mita imekwenda.

Haya, dogo sogeza kamera. Boneti ipo wazi. Kitasa cha mlango nimekisukuma kwa bisibisi kikajifunga, kwa hiyo gari linajua mlango umefungwa, taa ya ndani imezima. Ufunguo nimeutoa. Naweka ampea 2 DC. Naisogeza karibu na waya, bado sijabana, nabonyeza ZERO ili ianzie sifuri. Sasa nabana. Tusubiri kidogo gari litulie. Hizi za zamani hazina kompyuta nyingi, zinalala mapema. Gari jipya unaweza kukaa nusu saa na zaidi.

Ona hapo. 0.41. Miliampea 410 na gari limezimwa! Kawaida tunataka 20 hadi 50. Piga hesabu na mimi: 0.41 mara saa 24, karibu ampea-saa 10 kwa siku. NS60 ina 45. Wikiendi moja tu betri imeshachoka, na ukiirudia hivyo kila wiki unaiua kabisa.

Lakini sasa ngoja, hapa mita inanikera. Nimeitoa kwenye waya, haijabana chochote. Naigeuza tu mkononi hivi... umeona? Namba zinacheza. Inahisi hadi usumaku wa dunia. Ukibonyeza ZERO imeelekea huku, halafu ukapime imeelekea kule, unajidanganya. ZERO ibonyeze palepale, mkao uleule. Na inajizima yenyewe wakati unasubiri gari lilale! Ukiiwasha, unaanza ZERO upya. Kwa kazi hii kweli inaudhi.

Tuendelee, chanzo ni kipi? Fyuzi sichomoi ovyo. Nachukua mita yangu nyingine inayosoma milivolti kwa desimali, nagusa vile vidoa viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi. Sifuri, sifuri, sifuri... hii ya ampea 10, milivolti 2.8. Umeme unapita hapo. Sasa hii naichomoa, dogo onyesha klampu. 0.03! Umeona ilivyoshuka? Raha iliyoje.

Fyuzi hii inakwenda redio. Tumeitoa kwenye dashibodi, tazama nyuma yake. Waya wa njano ni wa moto wa kudumu, wa kutunza saa na stesheni. Mwekundu unatakiwa upate moto ufunguo ukiwashwa. Aliyefunga ameisokota yote miwili pamoja, kwa hiyo redio hailali usiku kucha. Natenganisha, mwekundu naurudisha kwenye moto wa ufunguo, nafunga vizuri. Fyuzi narudisha. Mlango bado umefungwa. Klampu... 0.03. Betri haikuwa na kosa lolote!

Bei: mimi nimeagiza Kariakoo, laki na kitu, ikaja kwa basi. Wengi mtaniandikia kwamba zipo klampu za elfu thelathini. Zipo, nyingi zinapima AC tu, umeme wa nyumbani, hapa hazikusaidii hata chembe. Pale kwenye swichi tafuta A yenye mstari mnyoofu na vistari vidogo chini yake. Na kwenye UT210 angalieni herufi ya mwisho. UT210A haipimi ampea za DC kabisa, na ukiitazama juujuu unaweza kudhani ndiyo hii.

Je, nainunua tena? Mwanzo nilitaka kuipa kumi juu ya kumi. Kwa ile ZERO naipa nane. Fundi umeme wa gari, nunua. Wewe mwenye gari moja, hapana, tafuta fundi anayo, mlipe akupimie.

Kuhusu chaneli, video zitakuwa Jumatano na Jumamosi, na Jumatano hii tuna Altezza, alteneta inavujisha kupitia dayodi. Fyuzi zote tulichomoa, namba haikushuka. Bonyeza kengele uione.