Matembezi ya paka wa Istanbul: nendeni, ila dukani kwa mazulia msikubali kuingia

Wenzangu mnaofunga mzigo Istanbul ratiba mnaijua, Laleli kwenye maduka ya jumla toka asubuhi mpaka miguu ivimbe, kago, hoteli, ndege. Safari hii mzigo ulikamilika mapema nikabakiwa na siku nzima, mdogo wangu niliyekuwa naye akaona mtandaoni kuna matembezi ya kuhadithiwa paka maarufu wa mji mkongwe, masaa matatu kwa miguu, na hela yenyewe haifiki bei ya jumla ya jinzi mbili. Mimi na paka toka utotoni, sikubembelezwa.

Tukapanda tramu mpaka Sultanahmet. Wameanza na Gli, paka wa jengo la kale la Hagia Sophia, na kwakweli hapo tu hela yangu ilirudi. Gli kazaliwa 2004 jengo likiwa bado makumbusho, kakulia humohumo, macho ya kijani yana makengeza kwa mbali, watu wakija kupiga picha nguzo wanaishia kumpiga yeye. 2009 Obama alivyotembelea pale na Erdogan, Obama akainama akampapasa. Halafu 2020 mwezi wa saba jengo likarudishwa kuwa msikiti, watu wakaanza kuulizia jamani Gli atapelekwa wapi, serikali ikajibu haendi popote, anabaki kwao. Mwezi wa 11 mwaka huohuo akafa, ana miaka 16. Jengo limemalizwa kujengwa mwaka 537, limepita mikono ya wafalme na masultani, na mji mzima ukakaa kumlilia paka. Mimi machozi yalinilenga, sifichi.

Mwongozaji wetu kijana mpole, Kiingereza chake cha taratibu unamfuata vizuri. Akatueleza enzi za Waothmani kulikuwa na watu wanaitwa mancacı, wanazunguka mitaani na maini na mapafu kulisha paka na mbwa, na kuna matajiri waliweka wakfu kabisa kwa ajili ya wanyama wa mtaani. Akamtaja na Abu Huraira, yule sahaba ambaye jina lenyewe maana yake baba wa kipaka, nikamkumbuka bibi yangu alivyokuwa akitukanya tusimpige paka, anatusimulia yule mwanamke aliyemfungia paka hamlishi wala hamwachii ajitafutie mpaka akafa, akaingia motoni kwa sababu yake. Nimetoka mbali kote huko nakuta maneno ya bibi.

Sasa kero. Katikati ya matembezi tukaingizwa duka la mazulia, chai ikaletwa, mazulia yakaanza kutandikwa moja baada ya jingine, dakika 40 zimekwenda na hamna paka hata mmoja mle ndani. Haikuandikwa popote wakati tunalipia. Mimi mfanyabiashara, najua mteja anavyokalishwa mpaka aone aibu kutoka, na mgeni aliyelipia hadithi kumfanyia vile siyo haki. Wakikwambia ingia upumzike kidogo, kataa, subiri nje.

Na kwa kukosa huo muda kwenye sanamu ya paka Tombili hatukupelekwa, tukaenda wenyewe. Shuka Eminönü, panda boti ya Kadıköy, ni kama dakika 20, kisha ulizia mtaa wa Ziverbey. Tombili maana yake kibonge, alikuwa paka wa mtaa tu, picha yake akiwa ameegemea ukingo wa barabara kwa kiwiko, tumbo limemwagika, anaangalia wapita njia kama mzee wa baraza, ilizunguka dunia nzima. Alivyokufa 2016 maelfu wakasaini awekewe sanamu, ikazinduliwa tarehe 4 mwezi wa 10, siku ya wanyama duniani. Mwezi uliofuata ikaibiwa, watu wakapiga kelele mpaka ikarudishwa ndani ya siku chache.

Sanamu ni ndogo, nilitegemea kubwa. Iko palepale alipokuwa akikaa, mkao uleule wa kiwiko, na pembeni tulikuta kopo la mtindi limekatwa limejazwa maji na chakula kikavu kimemwagwa mbele ya miguu yake. Mdogo wangu akakaa chini akaegemea vilevile nimpige picha, akaja paka wa rangi ya chungwa, mzima, akakila kile chakula cha marehemu bila wasiwasi akamaliza.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakiliondoa lile duka.