Sanduku la tepu na dai: la kwanza safi, la pili safi, la nne nikalia

Mwenye haraka aishie hapa: usinunue sanduku hili la tepu (vyuma vya kuchongea nyuzi ndani ya shimo ili bolti iingie) na dai (vya kuchongea nyuzi kwenye bolti yenyewe). Asiye na haraka asome mpaka chini, maana mimi mwenyewe nimegeuza kauli mara mbili kabla sijamaliza kuandika.

Nina mashine ndogo ya kukerezea vyuma uani, hapa Dar, kwenye kibanda kilichokuwa cha kuku. Sikerezi kwa biashara. Mama watoto huniuliza ile mashine inatengeneza nini hasa, nami humjibu ukweli: inatengeneza vifaa vya mashine. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Leo unachonga mpini wa kushikia tepu, kesho kinyundo cha shaba, keshokutwa kibano, na bado hujatengeneza hata kitu kimoja cha kumwonyesha jirani akakielewa.

Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, nilikuwa kwenye kishikio cha saa ya kupimia, ile yenye mshale inayokuonyesha kama chuma kinazunguka sawasawa au kinayumba. Nilikichonga kwenye donge la alumini ya pistoni chakavu zilizoyeyushwa. Wikiendi tatu. Nimelisawazisha pande zote sita, nimepiga tupa, nimepiga msasa mpaka naona kivuli cha uso wangu. Yamebaki mashimo manne ya bolti za M6, yaani za unene wa milimita 6. Hapo ndipo nikafungua sanduku jipya la tepu na dai nililolinunua mtaa wa Gerezani kwa shilingi 45,000, kila tepu imepigwa mhuri wa HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia vyuma vingine.

Shimo la kwanza safi. La pili safi. La tatu nikaanza kupiga mluzi. La nne, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta ya taa, nusu mbele... tik.

Aliyewahi kuisikia sauti ile haisahau. Wala si kubwa. Ghafla mpini unakuwa mwepesi mkononi, na nusu ya tepu imebaki ndani ya shimo. Kuitoboa huwezi, ni ngumu kuliko biti zako zote. Kuing'oa huwezi, hakuna pa kushika. Ukigonga, kinachoumia ni alumini, tepu yenyewe haina habari.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta akakitazama kipande kama nimemletea mfupa wa samaki. "Mzee, tepu haijikati. Inakatwa na mtu." Nikamweleza kwamba nimetoboa kwa biti ya milimita 5, ndiyo ya M6. Akacheka, akaniuliza kama nina cheti cha ufundi, kisha akanyoosha kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kitinda mimba wangu ni mkubwa kwake. Hata shikamoo sikuipata, na labda hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko tepu.

Nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya siku ile ile ya kununua: nikakigusisha kile kipande kwenye jiwe la kunolea. HSS ya kweli hutoa cheche chache, nyekundu, zilizofifia. Hii ilimwaga cheche za njano na nyeupe zinazochanua nchani kama fataki za mwaka mpya. Ni chuma cha kaboni kilichovikwa jina la watu. Na pale kilipokatikia, punje zake ni nene kama sukari, dalili ya chuma kilichochomwa moto kupita kiasi kabla ya kuzimwa.

Kilichoniokoa ni shabu. Ndiyo, shabu ile ile ya vinyozi, ile ya kutulizia maji ya tope. Chuma inakila, alumini inaiacha. Nilinunua ya 2,000 sokoni kwa muuza viungo, nikaiponda, nikaikoroga kwenye maji ya moto mpaka yakakataa kuyeyusha zaidi, nikakitumbukiza kishikio humo, nikakiweka juu ya mkaa kidogo uani. Sufuria iwe ya alumini, ya chuma italiwa pamoja na tepu. (Nilikoitoa sufuria, tusiulizane.) Vipovu vikaanza kupanda kutoka shimo la nne tu, mlolongo mwembamba, nikakaa kwenye kigoda nikivitazama kama mtoto. Mchana kutwa naongeza maji. Kesho yake adhuhuri tepu ilikuwa imegeuka tope jeusi, nikaikwangua kwa msumari. Kishikio kilipauka kidogo, nyuzi zikabaki nzima.

Shabu naipa nyota tano. Sanduku nilipanga kulipa nyota moja, na hapa ndipo kauli inapoanza kuyumba. Dai zake nimezikatia bolti zaidi ya ishirini, na zinakata vizuri, nyuzi zinang'aa. Tepu ya M8 ingali hai. Tena nikiri: yale mashimo matatu niliyatoboa kwa mashine, lakini kabla ya la nne LUKU ilikata, nikalimalizia kwa keekee ya mkono. Huenda lilienda upande. Tepu ikiingia upande, hata ya Ujerumani itakatika. Basi yule kijana ana nusu ya haki, nyota mbili, hata tatu.

Lakini keekee yangu haikumpigia mtu mhuri wa HSS! Na cheti cha ufundi kinahusu nini? Nikifika hapo damu inachemka upya. Nyota mbili, na ya pili ni ya dai.

Siku hizi nanunua tepu mojamoja, zilizotumika, kwa wauza vyuma chakavu, na naomba kujaribu kijisehemu cha shina kwenye jiwe kabla ya kutoa hela. Wengi wananifukuza. Mmoja amenizoea, ananiwekea pembeni. Sufuria bado iko bandani, imeingia weusi ndani, na jikoni wameshaanza kuiulizia.